Dashibodi mpya ya skrini tupu: nani aliwaomba watutolee vitufe?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Naendesha gari la kifahari la milango miwili, la Ulaya, usukani kulia, liliagizwa kutoka Uingereza. Jina la kampuni silitaji, maana ugonjwa wenyewe umeenea kwa wengi. Kabla yake nilikuwa na toleo lililotangulia la gari hilihili, kwa hiyo nalinganisha vitu viwili ninavyovijua kwa mkono. Umbo linavutia vilevile, injini inaitika, viti havichoshi hata ukienda Moshi na kurudi. Walichoenda kuharibu ni dashibodi.

Toleo la zamani lilikuwa na safu ya vitufe chini ya matundu ya hewa. Kushoto na kulia joto la kila upande, katikati kasi ya feni, pembeni kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Karibu na gia palikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha, la redio na ramani. Vyote vimeondolewa. Sasa kuna skrini moja imeanzia nyuma ya usukani ikaenda mpaka katikati ya gari, nyeusi tii, inang'aa, na kila kitu kimefichwa humo.

Chukulia jioni ya masika, Barabara ya Bagamoyo, vioo vimepandishwa, watu wawili ndani wameloana. Kioo cha mbele kinaanza kuingia ukungu. Kwenye gari la zamani mkono ulishuka wenyewe, kidole kikakutana na kitufe chenye kijinundu, ukabonyeza, ukasikia kimeingia. Macho hayakuondoka barabarani. Kwenye hili jipya unatazama chini ya skrini, unagusa alama ya feni, unasubiri ukurasa ufunguke, unatafuta alama ya kioo cha mbele ambayo imekaa jirani na alama ya kioo cha nyuma na zinafanana. Gari linaingia kwenye shimo, kidole kinaruka, umewasha joto la kiti. Unazima joto la kiti. Unarudi nyuma. Unaanza upya. Wakati huo kioo kimekuwa cheupe, na bodaboda anakatiza kutoka kushoto bila taa.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama skrini sekunde 2 tu umepita mita 28 ukiwa kipofu. Pimeni wenyewe mita 28 mbele ya kituo cha daladala mniambie kuna watu wangapi.

Na kabla hamjasema ni mimi sijazoea: mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 likayashindanisha na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Madereva walipewa muda wa kuyazoea magari kwanza. Kisha wakaambiwa waendeshe kilomita 110 kwa saa huku wakifanya kazi zilezile nne, mambo ya kawaida kabisa: kuwasha joto la kiti na kuondoa ukungu, kuweka stesheni ya redio, kurudisha hesabu ya safari kwenye sifuri, kupunguza mwanga wa dashibodi. Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10, ikiwa imesafiri mita 306. BMW iX ilihitaji sekunde 30 na mita 928. MG Marvel R iliyoshika mkia ilichukua karibu sekunde 45 na mita 1,372. Gari la miaka 17 likayashinda yote mapya, kwa sababu moja tu, kwamba dereva aliweza kupapasa.

Halafu ajali ikitokea mwenye kosa ni nani? Ujerumani kuna dereva wa Tesla aliyekuwa anarekebisha kasi ya waipa kwenye skrini, mvua kubwa inanyesha, akatoka nje ya barabara akagonga miti. Mahakama ya rufaa ya Karlsruhe mwaka 2020 ikakubaliana na adhabu aliyopewa: faini ya euro 200 na mwezi mmoja bila leseni, kwa hoja kwamba skrini ile ni chombo cha kielektroniki na hakupaswa kukitazama muda mrefu. Aliyeamua kuweka mpangilio wa waipa ndani ya skrini hakuguswa. Aliyehitaji kuona mbele ndiye akalipa. Hilo linanichoma kuliko yote, wakuu, kwa sababu nikigonga mtu pale Mwenge kesho, trafiki hataandika kwenye karatasi yake kwamba kitufe kilifichwa kurasa mbili ndani.

Kuna watu wanapenda kusema hii ni teknolojia mpya, tuipe muda. Mpya gani? Buick ya Marekani iliweka skrini ya kugusa kwenye Riviera ya mwaka 1986, gari la kifahari la milango miwili, waliloliunda upya kutoka juu hadi chini. Skrini ilikuwa ya bomba kama televisheni za zamani, maandishi ya kijani, na humo wakasokomeza redio, AC na vipimo vya gari. Mwaka 1985 Riviera ya zamani iliuzwa zaidi ya magari 65,000. Mwaka 1986 wakauza kama 22,000. Sisemi skrini ndiyo iliyoua mauzo peke yake, maana na umbo walilipunguza likafanana na magari mengine ya nyumbani kwao. Ila wenye gari walilalamika hivihivi tunavyolalamika sisi, kwamba kubadilisha stesheni unalazimika kuacha kutazama njia, na ilipofika mwaka 1990 Buick ikaitoa skrini na vitufe vikarudi. Miaka 40 imepita tangu kosa hilo lifanyike mbele ya macho yao, na wamelirudia kwa magari karibu yote.

Sababu ni pesa. Kitufe kinahitaji mashine ya kukifinyanga, swichi, waya, na mpangilio wake wa usukani wa kulia na wa kushoto. Skrini ni moja kwa dunia nzima, mengine yote ni programu. Wamepunguza gharama zao, bei ya gari ikapanda, na kwenye matangazo wakaita anasa. Mtu anayelipa pesa za gari la aina hii anastahili kitufe cha chuma kinachobofyeka vizuri. Ndicho alicholipia.

Wenye gari hili hapa mjini hatufiki wengi, tunakutana kwa fundi na kwenye kundi letu la simu, na maoni yanatofautiana, niseme ukweli. Mzee mmoja wa Oysterbay anaipenda skrini kwa ajili ya ramani, anasema macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na hapo ana haki: ramani kubwa ni nzuri, kamera ya nyuma ni nzuri. Dada mmoja ameweka AC nyuzi 22 tangu gari lishuke bandarini na hajaigusa tena, anaogopa kuhangaika nayo akiwa njiani. Mwingine anamwachia mkewe skrini yote, yeye anashika usukani tu. Yaani watu wamenunua gari la ndoto zao na wamejifunza kutoligusa.

Kuna kero ndogondogo pia. Ukivaa miwani ya jua ya aina fulani skrini inakuwa nyeusi. Saa saba mchana mwanga ukiingia kwa pembeni unaona alama za vidole tu. Ukiingiza rivasi kamera inachukua skrini nzima, kwa hiyo feni ikiwa inakupuliza usoni unasubiri mpaka umalize kuegesha.

Kubwa ni hili la kuharibika. Langu liliwahi kuzima skrini nikiwa njiani kutoka Chalinze. Redio kimya, ramani hakuna, kamera hakuna, na AC ikabaki vilevile ilivyokuwa, feni mwisho, baridi mwisho, bila namna yoyote ya kuipunguza isipokuwa kufungua vioo. Nikalifikisha kwa fundi wangu wa umeme, mtu ninayemheshimu, amefungua magari kuliko wengi humu. Akachomoa betri, akasubiri, akarudisha, ikawaka. Akaniambia, "Bosi, leo imekubali. Siku ikigoma kabisa mimi hapa sina cha kufungua. Kitufe cha zamani kikikwama nilikuwa nakitoa, nakisafisha kwa spiriti, nakirudisha, unanipa hela ya chai. Hii inabadilishwa nzima, na ukiniletea ya mtumba haiwaki mpaka iandikishwe upya na gari." Nilipouliza bei ya mpya nilinyamaza.

Na msidhani ni gari langu tu lenye nuksi. Mwaka 2021 Tesla ilirudisha karakana kiasi cha magari 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani, kwa sababu chipu ya kumbukumbu kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inachoka baada ya miaka kadhaa ya matumizi. Skrini ikifa, kamera ya nyuma inakwenda nayo na uwezo wa kuondoa ukungu kwenye vioo unakwenda nao. Kule Marekani gari lilirudishwa likatengenezwa bure. Sisi huku tunalipokea gari likiwa mkono wa pili au wa tatu, chipu imeshazeeka, dhamana imeshakwisha. Kenya hawaruhusu gari la kuagiza lililozidi miaka 8, maana yake magari ya skrini tupu yataendelea kuingia kwenye yadi zao. Hapa kwetu yanakuja vilevile.

Wenyewe wameshaanza kurudi nyuma. Ferrari iliweka sehemu za kugusa badala ya vitufe kwenye usukani wa gari lake liitwalo Roma. Mwaka 2025 ilipotoa Amalfi kuchukua nafasi yake, vitufe vya kubonyeza vimerudi, hata kile chekundu cha kuwashia injini. Volkswagen wamekiri hadharani kwamba walikosea na wameahidi vitufe vya mambo ya msingi kwenye magari yajayo. Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka indiketa, hazadi, honi, waipa na kitufe cha kuitia msaada viwe na kidhibiti cha kushika kwa mkono, na gari lisilo navyo linapoteza alama katika kuhesabu nyota zake, ambazo mwisho ni 5.

Angalieni orodha hiyo lakini. Kuondoa ukungu hakumo. AC haimo. Kwa hiyo kampuni inaweza kupata nyota zake 5 na bado ikakuacha unasaka alama ya kioo cha mbele huku huoni mbele. Kwetu sisi wa pwani, ambako unyevu ni wa mwaka mzima, hicho ndicho kitufe cha kwanza kinachotakiwa kuwepo.

NYONGEZA, nawajibu waliochangia:

Mkuu uliyesema nitumie sauti: ya kwangu haielewi Kiswahili. Nikisema kwa Kiingereza inaelewa ikiwa gari limetulia na vioo vimefungwa. Mvua ikipiga juu ya bati inaniuliza nirudie. Nirudie mara ngapi na kioo kimeziba?

Mkuu wa "weka automatiki ulale": automatiki hiyohiyo ndiyo inayoniletea ukungu wa nje alfajiri. AC inapuliza baridi kwenye kioo cha mbele, hewa ya nje ni ya joto na imejaa unyevu, kioo kinafunga kwa nje. Dawa yake ni kuhamisha hewa iende miguuni au kupandisha joto, na kupiga waipa. Kuhamisha hewa kuko wapi? Kwenye skrini, ukurasa wa pili. Wanaotoka Tanga saa kumi na moja alfajiri wananielewa.

Na wewe ndugu uliyeandika kwamba mwenye gari la namna hii hana haki ya kulalamika, auze apande basi la mwendokasi: skrini hizi hazijaishia kwenye magari ya bei mbaya. Zinashuka kila mwaka kwenye magari madogo ya familia, na anayevuka barabara mbele yangu anaumia sawasawa, liwe gari la bei gani.

Sasa ninachotaka. Kampuni haiwezi kunirudishia safu ya vitufe, hilo nimelikubali. Ila programu wanaweza kuibadilisha: alama ya kuondoa ukungu, ya feni na ya joto zikae chini ya skrini muda wote, kubwa, hata kamera ikiwa imewaka. Nimewaandikia kupitia fomu yao ya wateja, jibu lililokuja ni la kunishukuru kwa kuwachagua. Wenye gari hili humu ndani waandike pia, kila mtu na maneno yake, wayaone yakirundikana.

Nyingine ni ya haraka. Nasikia kuna paneli ndogo za vitufe zinazofungwa chini ya skrini na kuunganishwa na waya za gari. Mwenye kumfahamu fundi Dar, Arusha au Nairobi aliyewahi kuifunga kwenye gari la Ulaya, AC ikafanya kazi na dashibodi isitoe taa za makosa, naomba aseme hapa alilipa kiasi gani na imedumu muda gani. Nitalipeleka gari popote.