LSAT: nashindwa kutambua hitimisho la hoja ni la aina gani, naomba msaada

MamaWawili_MN
Wakuu, habari za leo. Niko Minneapolis, najiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma sheria huku Marekani. Tangu Agosti 2024 michezo ya mantiki (yale mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti) imeondolewa, kwa hiyo sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni maswali ya kuchambua hoja, dakika 35 kila moja. Ukiyumba hapo umeumia. Nasoma watoto wakishalala, na wiki ya sita sasa nimeganda kwenye alama 151.

Nimezoea kuwinda "kwa hiyo". Jana nimekutana na hoja ya namna hii, maneno nimeyabadilisha: "Barabara ya sokoni ifungwe, magari yasipite. Wateja wengi huja kwa miguu, kwa hiyo wenye maduka hawatapata hasara." Nikajibu hitimisho ni utabiri, kwamba hawatapata hasara. Nimekosa, na sijaelewa kwa nini.

Kipanga_wa_Pwani
Dada, "kwa hiyo" imekuponza. Kila dai liulize "kwa nini?" Wenye maduka hawatapata hasara, kwa nini? Kwa kuwa wateja huja kwa miguu. Haya, barabara ifungwe, kwa nini? Kwa kuwa wenye maduka hawatapata hasara. Na hilo la kufunga barabara linaunga mkono dai gani? Hakuna. Basi hoja imeishia hapo, nalo ni pendekezo. Utabiri wako ni hitimisho dogo, ngazi tu ya kupandia.

Msomi_Usiku
Naongezea. Mimi hukutana zaidi na pendekezo, utabiri, maelezo ya chanzo, hukumu ya ubora, na kukanusha. Kukanusha ndiko kulikonitesa. Mfano: "Wakulima wanasema mbolea mpya ndiyo iliyoongeza mavuno. Wanakosea. Mwaka huo mvua nazo zilikuwa nzuri." Hitimisho ni neno moja, *wanakosea*. Lijaze mwenyewe kabla hujatazama majibu: si mbolea iliyoongeza mavuno. Mwandishi hajatamka kwamba ni mvua! Jibu linalosema hivyo limewekwa likunase.

MamaWawili_MN
Asanteni sana, nimeona. Je, kujua aina kunanisaidia kwenye maswali ya kudhoofisha hoja?

Kipanga_wa_Pwani
Sana. Pendekezo linadhoofishwa na gharama ambayo haikutajwa: labda magari ya mizigo hayataweza kufikisha bidhaa madukani. Dai la chanzo, tafuta chanzo kingine. Hiyo ya mbolea, mvua nzuri haizuii mbolea nayo kuwa imechangia. Na ukiulizwa hitimisho ni lipi, pima pia uzito wa maneno. Hoja ikisema "huenda", jibu la "lazima" litupe.

MamaWawili_MN
Nimerudia maswali kumi ya jana, nikiandika aina ya hitimisho pembeni kabla ya kusoma majibu. Mawili yamenishinda, yote ya kukanusha. Kesho usiku nafanya ya kukanusha peke yake.