Kinyesi cha mbwa: mifuko, beleshi au shimo?

Baba_Tasha
Wadau, habari za jioni. Mwenye ploti amenipa hadi mwisho wa mwezi: uchafu wa mbwa upate utaratibu au mbwa ahame. Nachagua kati ya ile mifuko midogo ya kuokotea, beleshi la mpini mrefu na ndoo yenye kifuniko, au nichimbe shimo. Mwenye uzoefu aseme kabla sijatoa pesa.

SouthB_Juu
Mbwa wa ukubwa gani? Uwanja ni simiti au udongo? Kuna watoto? Bila hayo tunapiga ramli tu.

kamba_mkononi
Mifuko, basi. Msitu wa Karura mbwa anaingia akiwa kwenye kamba na mfuko uko mfukoni mwangu. Unatia mkono ndani kama glavu, unaokota, unaugeuza nje ndani, unafunga fundo. Mkono haugusi kitu.

Mzee_Dagoretti
Na huo mfuko unaishia wapi, kijana? Jalala la Dandora. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, leo tunanunua plastiki ya kufungia mavi. Beleshi, majivu na shimo nyuma ya boma, basi.

kamba_mkononi
Mzee, boma lako lina nyuma. Yeye ana ploti. Achimbe wapi, wanapoegesha magari?

MamaNjeri_Umoja
Niwaambie ya jirani aliyekuwa juu yetu. Alifuga mbwa kwenye balkoni, hana mfuko wala beleshi. Siku ya maji ya mgao anafungua mpira, anasukuma kila kitu hadi kwenye bomba la mvua. Bomba lenyewe limepasuka hapo hapo juu ya kamba yangu ya nguo. Jumamosi nimeanika shuka nyeupe na sare za watoto, nikasikia shwaaa. Kutoka nje, shuka lina madoa rangi ya chai na nywele za mbwa zimenata kwenye kola. Nikapanda juu. Ananiambia, "Ni maji tu, dada, nimeweka Jik." Nikafua upya kwa maji ya mitungi, ya kununua! Mwangalizi wa ploti akasema wanyama si kazi yake. Mvua za Aprili zilipokuja bomba likaziba, na jamaa akahama usiku na mbwa wake na deni la kodi. Baba Tasha, nunua utakacho, lakini mpira usiushike.

vet_wa_mtaa
Na hiyo Jik ilikuwa kazi bure. Mayai ya minyoo ya mbwa, Toxocara, yana ganda gumu, Jik haiyaui. Ila kinyesi kibichi hakiambukizi minyoo hiyo papo hapo; mayai huhitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa, kisha yanaweza kukaa udongoni miaka. Ukiokota kila siku, kwa mfuko au beleshi, umeyawahi. Kwenye simiti: okota, sugua kwa sabuni, mwagia maji yanayochemka. Na usimwage Jik juu ya mkojo. Mkojo hutoa amonia, ikichanganyika na Jik mvuke wake unakaba kifua.

Baba_Tasha
Asante daktari. Simiti mbele, udongo kidogo kando. Mbwa ni wawili, Boerboel, yale majibwa makubwa.

SouthB_Juu
Boerboel wawili na unauliza mifuko midogo?!

Sukuma_Ruai
Si atie kwenye sukuma? Mavi ya ng'ombe tunatia.

vet_wa_mtaa
Ng'ombe anakula nyasi. Wako anakula nini?

Sukuma_Ruai
Maini na mapafu ya kichinjioni. Mabichi ndiyo anapenda.

vet_wa_mtaa
Hapo ndipo mbwa anapopata tegu la haidatidi, mnyoo unaowaletea watu ule ugonjwa wa uvimbe wa ini unaojulikana sana Turkana. Chemsha hiyo nyama, mpe dawa yenye praziquantel, na mboga uzitoe kwenye hesabu. Mboji ya nyumbani haipati joto la kutosha kuua mayai.

MamaNjeri_Umoja
Na mama mjamzito akae na mbwa? Mimi niliambiwa hapana.

vet_wa_mtaa
Mama, wanaoonywa sana ni wenye paka, kwa sababu ya toksoplazma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka. Anawe mikono tu, na kuokota amwachie mzee.

Mzee_Dagoretti
Mzee yupi?

pups_Kasarani
Wadau, nina watoto wa German Shepherd, bei ya kuelewana.

SouthB_Juu
Wamechanjwa parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa? Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi.

pups_Kasarani
Njoo inbox.