Projekta imenifedhehesha mbele ya darasa la sita, nianzie wapi mie?

BintiPate

Assalam aleykum walimu wenzangu. Mie nasomesha shule ya msingi huku kisiwani Pate, mwaka wa 24 huu na chaki mkononi, na sioni haya kusema kompyuta naijua ya kuingiza alama za watoto tu, tena hata hizo kuna mwalimu kijana hapa ndo hunikalia kando ananionyesha pa kubonyeza. Sasa tumeletewa projekta na laptopu moja, mwalimu mkuu kasema kila mtu aitumie. Semina tulifanyiwa siku mbili, jamaa anasoma maandishi ukutani na sie twala biskuti, basi, cheti tukapewa.

Juzi Jumanne nikajitia kimbelembele. Somo ni moyo na mzunguko wa damu, video nzuri ninayo kwenye flashi, nikachomeka waya, projekta ikawaka, ukutani buluu tupu na maandishi ati hakuna signali. Nikachomoa nikachomeka. Nikazima nikawasha. Somo ni dakika 35 na mie dakika 20 nzima nainama chini ya meza na waya, watoto mwanzo wametulia kama wako msikitini, halafu mmoja akacheka, wakacheka wote. Kule nyuma kuna kimoja kikasema "mwalimu, bonyeza sosi". Mie nikadhani ananifanyia mzaha wa sosi ya chipsi, nikamwambia nyamaza! Mwisho nikachora moyo ubaoni kama siku zote, na moyo wangu wa chaki ni mzuri wallahi, lakini siku hiyo mkono ulikuwa watetemeka.

Sasa niambieni pa kuanzia. Darasa lina madirisha makubwa, hata ile buluu yenyewe ilikuwa imefifia. Intaneti huku ni ya kubahatisha. Na kabatini kuna zile tableti za darasa la kwanza za ule mradi wa serikali wa 2016, zimelala tu, hakuna anayezigusa. Msinicheke sana jamani.

MwalimuKijana_Mld

Waleykum salaam mwalimu wangu, na shikamoo. Naanza na habari mbaya, huyo mtoto alikuwa sahihi 😅 Kwenye projekta ama kwenye rimoti yake kuna kitufe kimeandikwa SOURCE, zengine INPUT, ndo sosi yenyewe hiyo. Projekta ina matundu kadhaa nyuma na haijui wewe umechomeka lipi, kwa hivyo unabonyeza mpaka ifike HDMI, au VGA kama waya wako ni ule wa zamani wenye pini nyingi na skrubu mbili. Ikikataa bado basi tatizo liko kwa laptopu, shikilia kile kitufe cha Windows pamoja na herufi P, itakuja orodha ya vitu vinne pembeni, chagua cha pili, ndo kile cha kuonyesha picha hio hio pande zote mbili. Asilimia kubwa ya aibu za walimu nilizoziona mie zilikuwa ni moja katika hizo mbili, haki ya Mungu.

Jengine, usijaribu kitu mara ya kwanza mbele ya watoto. Baki shule jioni moja, funga mlango, washa zima washa zima mpaka mkono uzoee, sauti ujue inatokea wapi manake laptopu peke yake darasa la watoto hamsini haisikiki. Na video itoe kwenye flashi uiweke kwa laptopu kabisa, flashi zetu hizi za kupitishwa kila mtu zina virusi kuliko mafua.

Ah na kama unafikiria kutumia simu badala ya laptopu, kuwa muangalifu na zile adapta za HDMI wanazouza dukani. Simu nyingi za bei yetu hazitoi picha kwa tundu la chaji hata ukinunua adapta ya dhahabu. Mie nimeliwa pesa hapo. Jaribu kwanza pale pale dukani na simu yako mwenyewe.

Mstaafu_Langoni

Mwanangu Binti Pate, mimi nimestaafu na sina projekta, lakini swali lako limenikaa. Wewe waonaje, video ya moyo inapiga dup dup ukutani, mtoto atazama kama atazamavyo mpira. Lakini ukichora wewe ubaoni, chumba hiki, chumba hiki, damu yaingia hapa yatoka hapa, mtoto auona moyo ukizaliwa mbele ya mato yake na yeye achora pamoja nawe. Msije mkatupa chaki kwa sababu ya taa.

Hata hivyo sikatai kila kitu. Chuoni sisi tulikuwa na ile projekta ya kioo na balbu, na mwalimu wetu alitufunza jambo moja ambalo nililitumia miaka yote: bandika karatasi ya manila ukutani, mulika picha juu yake, halafu fuatisha mistari kwa kalamu ya wino mzito. Nusu saa una chati kubwa iliyo sawasawa. Stima ikipotea, na huko kwenu yapotea, chati iko. Ramani za Afrika nilizifanya hivyo, nadhani moja ingali ukutani mpaka leo kama hawakuipaka chokaa.

TeacherWatamu

Mzee wetu shikamoo, lakini kwa heshima kubwa nakupinga kidogo. Ubaoni moyo haupigi! Mtoto anachora vyumba vinne anakariri atiria na ventrikali na hajui kwamba kitu hicho kinamdunda yeye mwenyewe kifuani saa hii. Kosa si video, kosa ni kuiacha iende dakika kumi na mwalimu amekaa. Mie naweka dakika mbili tatu, nastopisha, nauliza "damu hii itaenda wapi sasa?", wanabishana, ndo nacheza tena. Mara nyengine naizima sauti kabisa naeleza mwenyewe, manake sayansi kitabuni ni Kiingereza na yule mzungu wa kwenye video anaongea mbio, watoto wangu wanataka ielezwe Kiswahili na Kigiriama cha hapa na pale.

Binti Pate dada yangu, nikuambie nilichofanya mie kwa somo hilo hilo na sikuwa na projekta siku hiyo, simu tu. Nilifungua saa ya kuhesabu sekunde. Kila mtoto akatafuta mpigo wake hapa kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, wengine hawakuupata wakaanza kuogopa ati wamekufa, nikawaambia wajaribu shingoni. Tukahesabu sekunde 30 tukazidisha mara mbili. Halafu nje, mbio mpaka mkwaju ule wa getini na kurudi, hesabu tena. Kuna aliyetoka 84 akafika 140 akadhani ni ugonjwa. Kesho yake nikaingiza zile namba kwenye kompyuta, kila mtoto jina lake na vijiti viwili, cha kukaa na cha baada ya mbio, nikawaonyesha kwenye skrini ya laptopu vikundi kwa vikundi. Kelele hizo! Kila mmoja anatafuta kijiti chake. Ndo hapo wakauliza wenyewe kwa nini moyo unakwenda mbio, na mie nikafungua kitabu.

Kuhusu intaneti usijali sana. Tafuta hizi ukiwa mjini kwenye waifai uzitie kwa laptopu: Kiwix, hio unaweka Wikipedia ya Kiswahili yote inasomeka bila bando, na majaribio ya PhET ya sayansi, kila moja unalidanlodi faili lake linafunguka kwa brauza hata ukiwa katikati ya bahari, na mengine yametafsiriwa Kiswahili. Kuna na Kolibri, ile ukiwa na laptopu moja tableti za watoto zinajiunga nayo darasani bila intaneti, lakini hio iache kwanza, itakuchosha. Anza na kimoja tu.

Ah na picha za watoto wakifanya hayo usizimwage kwa makundi ya WhatsApp bila idhini ya wazazi, sheria ya kulinda data ya 2019 ipo na watoto imewataja. Mie nilikaripiwa na mzazi mmoja, na haki alikuwa nayo.

FundiSimu_Malindi

Mie si mwalimu ila hio projekta naisikitikia. Hivyo vifaa vikija huko kwa mashua wakati wa kusi na maji yanaruka, muvifunge mifuko ya nailoni miwili na vikifika visikae dirishani. Chumvi ya hewani peke yake inatosha. Naletewa laptopu za pwani yote hii, nafungua tundu la HDMI nakuta kutu ya kijani, mteja anasema imeharibika na kumbe ni kusafisha tu kwa spiriti na brashi laini. Usipulize kwa mdomo! Mate ndo maji yenyewe. Na projekta ukimaliza izime kwa kitufe, usubiri feni inyamaze ndo uchomoe ukutani, la sivyo balbu unaipika.

Mwangaza: kama ni ndogo zile za bei rahisi mchana haitaonekana ng'o. Angalia kwenye boksi, ikiwa ni lumeni 3000 kwenda juu ziba madirisha mawili ya karibu na ukuta uisogeze karibu, picha iwe ndogo lakini kali.

Tableti sasa. Zimekaa miaka, betri zimeshuka mpaka chini kabisa, nyingi hazitaamka. Kabla hujachaji chochote zilaze moja moja mezani utazame mgongo. Ikiwa imevimba kama mahamri USIICHAJI, itoe nje ya darasa uiweke mbali na watoto. Zilizo bapa zipe chaji mbili mbili, ukiwa upo, usiache usiku. Zikiamka na likizo ikafika usizifungie kabatini zikiwa zimejaa wala zimeisha, ziache nusu.

BintiPate

Nimerudi. Shukrani nyote, nimesoma hata zile mlizobishana.

Nilibaki shule Jumatano jioni peke yangu, sosi nimeiona, iko juu ya projekta pale pale na herufi zake kubwa, nilitamani kulia. Ilikuwa imekaa kwa VGA siku zote hizo. Alhamisi nikafanya la mzee wa Langoni, nikamulika moyo kwenye manila mbili zilizounganishwa nikafuatisha, mwanangu akanishikia kona.

Jumatatu nikaingia darasani. Madirisha nimeyatundikia leso zangu mbili, moja wasichana wakaanza kusoma jina lake kwa sauti ikabidi ningoje wamalize. Nikamuita yule wa nyuma nikamwambia haya, wewe ndo bwana sosi, njoo. Kaja kifua mbele, kabonyeza mara moja, picha hiyo. Nikacheza dakika mbili, nikastopisha pale damu inaingia mapafuni, nikauliza inafuata nini, mikono juu kama msitu wa mikoko. Nikacheza tena kidogo, na stima ikaenda.

Hawakucheka. Yule kijana kaniangalia mie. Nikatundua leso, jua likaingia, nikakunjua manila ukutani nikampa chaki ya bluu na nyekundu nikamwambia endelea wewe pale ilipokatika. Kakosea upande mmoja, kaweka nyekundu inapoingia kutoka mwilini, na mwenzake akamrekebisha kabla yangu.

Mpigo tutahesabu wiki hii inshallah, mkwaju hatuna lakini mnazi upo.

Sasa fundi, tableti nimezitazama. Ziko 22, tatu zimevimba, nimezitia ndoo ya mchanga nje kwa sasa. Kumi na moja zimeamka. Hizo nane zilobaki ni bapa lakini kimya. Nikuletee?

FundiSimu_Malindi

Mchanga sawa, ila weka mbali na kivuli cha makuti. Hizo nane usilete zote, nauli itakula faida. Nitumie mbili kwa basi la Mokowe nizipime, betri ikiwa ndo shida nitakwambia bei kabla sijafungua nyengine. Andika namba yako juu ya mfuko, si ndani.

BintiPate

Sawa. Wiki hii maji mafu, hayajai sana, ule mlango wa bahari wa Mkanda mashua haiupiti vizuri. Nitazitoa maji makubwa ya bamvua yakirudi.

Mstaafu_Langoni

Hao watakaochukua tableti wakipita Lamu mjini waambie waniletee hiyo manila niione.