Mji mdogo wa pwani ya Ugiriki kwa mapumziko matupu: Nafplio au Galaxidi?

Mpenda_Kivuli ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Mume wangu, mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, na mimi tutakuwa Ugiriki kwa siku tisa kuanzia wiki ya pili ya Septemba. Usiku wa kwanza tutalala Athens, na siku zinazobaki tungependa kuzimaliza katika mji mmoja mdogo wa pwani bila kuhamahama. Hatutafuti ngoma za usiku wala safari za visiwani; Santorini na Mykonos tumewaachia wenye haraka. Tunachotaka ni kuamka bila kuamshwa na simu, kuogelea asubuhi, kula samaki mchana, kujinyoosha kidogo, kisha kutembea kando ya maji hadi jua lizame.

Baada ya kusoma sana nimebaki na miji miwili: Nafplio, iliyo mashariki mwa Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, na Galaxidi, iliyo katika Ghuba ya Korintho, chini ya milima ya Delphi. Mume wangu anasema Galaxidi ni ndogo mno, na kwamba ikifika siku ya nne tutabaki kutazamana. Hofu yangu ni kinyume cha hiyo: Nafplio ina mambo mengi, naye akishaona mambo mengi huandika ratiba, na akishaandika ratiba hatuko tena mapumzikoni.

Mama ni mzima wa afya, ila magoti yake na ngazi hawapatani. Tungependa pia tusikodi gari. Je, mngetushauri twende wapi? Bahari bado ina joto wakati huo? Na kuna mambo gani ya kila siku ambayo mgeni huyajua baada ya kuyakosea?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu amejibu:

Dada, mimi nimekaa Galaxidi mara mbili, mara ya pili siku kumi na moja, na sikumaliza kitabu nilichokibeba. Nakueleza hivyo ili mumeo ajue kwamba udogo wa mji si kasoro, mradi mtu awe amekwenda kwa ajili ya udogo huo.

Wakazi wake hawafiki 2,000. Katika karne ya 19 hapa palikuwa mahali pa wenye meli za matanga. Fedha za biashara hiyo ndizo zilizojenga nyumba za manahodha ambazo bado zimejipanga juu ya bandari, na meli za mvuke ndizo zilizoua biashara hiyo. Mji haukupata sababu nyingine ya kukua, na kwa bahati hiyo mbaya wageni wa leo wamepata utulivu wao. Kuna bandari mbili, kubwa na ndogo, na ng'ambo ya ile kubwa kuna rasi iliyofunikwa na misonobari, yenye njia ya kuizunguka kwa miguu. Asubuhi watu huteremka kutoka kwenye njia hiyo hadi kwenye vijighuba vya kokoto na miamba, wakaogelea, wakarudi kunywa kahawa. Ratiba ya mji mzima ndiyo hiyo, na mumeo hatapata la kuongeza.

Kuhusu bahari, msiwe na wasiwasi. Maji huchelewa kupoa, kwa hiyo katikati ya Septemba huwa na joto la nyuzi 24 hivi, ilhali hewa haichomi tena kama ya Agosti. Pia, ule upepo wa kaskazini unaovuma katika Bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, ambao Wagiriki huuita meltemi, hautawasumbua ndani ya ghuba kama unavyowasumbua watu wa visiwani. Septemba ina faida nyingine isiyosemwa sana: shule za Ugiriki hufunguliwa karibu na tarehe 11, familia zikarudi mijini, na katikati ya wiki mji unabaki kwa wenyeji na wageni wachache.

Ila ni lazima niwe mkweli kuhusu kasoro yake. Bila gari mtakuwa mmefungwa hapo. Basi lipo, lakini safari zake ni chache. Na maji mnayaingia kwa kukanyaga kokoto au kwa kushuka mwambani, jambo ambalo magoti ya Mama huenda yasilifurahie.

Bi_Viatu_vya_Maji amejibu:

Namheshimu Nahodha, lakini kwa mlivyojieleza, yaani mama mtu mzima na safari isiyo na gari, ningechagua Nafplio bila kusitasita.

Sababu ya kwanza ni njia ya kufika. Kutoka kiwanja cha ndege cha Athens basi la X93 huwafikisha kwenye kituo cha mabasi cha Kifissos, na kutoka hapo mabasi ya KTEL, yaani ya mikoani, huenda Nafplio kwa muda wa saa mbili au kuzidi kidogo. Njiani mtavuka Mfereji wa Korintho, uliofunguliwa mwaka 1893, ambao basi huupita kwa sekunde chache tu. Mama na akae dirishani. Msitafute treni, kwa kuwa haifiki huko.

Sababu ya pili ni kwamba mji wa kale ni mdogo na sehemu yake ya chini ni tambarare. Magari hayaruhusiwi katika vichochoro vingi, na Uwanja wa Syntagma umetandikwa marumaru, ambayo ni mazuri kwa matembezi ya polepole lakini huteleza mvua ikinyesha. Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipia chumba: mitaa ya juu, inayopanda kuelekea Akronafplia, kilima chenye ngome ya kale juu ya mji, imejaa ngazi, na nyumba nyingi za wageni zinazosifiwa kwa mandhari yake ziko huko. Mandhari hiyo hulipiwa kwa magoti. Ulizeni kwa maandishi kuna vidato vingapi kutoka barabarani hadi mlangoni, na vingapi kutoka mlangoni hadi kitandani. Mimi nilidhani neno "karibu na bandari" linamaanisha usawa wa bandari, nikabeba sanduku langu kupitia vidato sitini na kitu.

Kuhusu ratiba ya mumeo, kwa kweli kishawishi kipo. Ngome ya Palamidi, iliyojengwa na watu wa Venice kati ya 1711 na 1714, inautazama mji mzima kutoka juu, na kila mwanamume aliyepita miaka arobaini huamka siku moja akitaka kupanda vile vidato vinavyosemekana kuwa 999. Idadi hiyo imetiwa chumvi, lakini jasho ni la kweli. Mwacheni apande peke yake alfajiri, kabla ya jua kukaza. Nanyi wawili mkitaka, teksi itawafikisha hadi lango la juu kwa barabara ya nyuma. Huu ulikuwa mji mkuu wa Ugiriki mpya kabla ya serikali kuhamia Athens mwaka 1834, na mbele ya kanisa dogo la Mtakatifu Spyridon ndipo kiongozi wa nchi, Ioannis Kapodistrias, alipouawa mwaka 1831. Yote haya mtayakuta mkiwa katika matembezi ya jioni, bila kuyatafuta.

Nawasihi mfike Jumapili jioni au Jumatatu. Mwishoni mwa wiki watu wa Athens huujaza mji huu, bei za vyumba zikapanda na meza za kando ya maji zikakosekana.

Mzee_wa_Meza_ya_Nyuma amejibu:

Wenzangu wamekwisha kusema kuhusu miji, nami nijibu lile swali la mwisho, maana ndilo lililonigharimu.

Samaki wazima huuzwa kwa kilo. Katika mgahawa mmoja wa bandarini nilimwonyesha mhudumu samaki kwa kidole, nikajiona mwenyeji, wala sikuuliza uzito. Hesabu ilipokuja nilinyamaza kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo huomba apimwe mbele yangu na bei isemwe kabla hajawekwa motoni, na hakuna Mgiriki aliyewahi kuchukia ombi hilo. Penye kinyota au kifupisho cha "κατ." katika orodha ya vyakula, fahamuni kwamba kitu hicho kilikuwa kimegandishwa. Mara nyingi dagaa wa kukaanga, pweza wa makaa na sahani ya mboga za majani zilizochemshwa na kutiwa ndimu na mafuta ya zeituni huwa bora, na rahisi, kuliko samaki mkubwa wa kujionyesha.

Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu alasiri ni saa za ukimya kwa mujibu wa sheria wakati wa kiangazi. Maduka mengi hufungwa, na kelele za ujirani hazivumiliwi. Dada, wewe uliyetaka kujinyoosha mchana umepata nchi inayokubaliana nawe. Lakini mtapata njaa mapema kuliko wenyeji: wao huketi kula chakula cha usiku saa tatu au nne.

Karatasi za chooni hutupwa kwenye kikapu, si ndani ya choo, kwa sababu mabomba ni membamba. Hotelini mtadaiwa kodi ya mabadiliko ya tabianchi kwa kila chumba kwa kila usiku, ambayo hupanda kwa kadiri ya nyota za hoteli, na mara nyingi haimo katika bei mliyoiona mlipokuwa mnahifadhi chumba. Na ufuo ni wa umma. Viti na miavuli hulipiwa, lakini hakuna wa kuwazuia kutandika taulo lenu pasipokodishwa.

Mpenda_Kivuli ameandika:

Shukrani nyingi kwenu. Nimemsomea mume wangu majibu yote, akacheka nilipofika kwenye vidato 999, na kicheko kile sikukipenda. Tunaelekea Nafplio. Ila Bi Viatu, hukusema Mama ataogelea wapi. Na ombi la mume wangu ni moja: aruhusiwe safari moja tu ya nje ya mji.

Bi_Viatu_vya_Maji amejibu:

Ufuo ulio karibu ni Arvanitia, upande wa pili wa rasi ya Akronafplia, lakini una kokoto, majukwaa ya zege na ngazi za chuma za kuingilia majini, kwa hiyo huo mwachieni mumeo. Mama mpelekeni Karathona, umbali wa kilomita tatu hivi: mchanga, maji yanayokwenda kina polepole, na mikaratusi ya kutoa kivuli. Teksi ni rahisi kuliko kumchosha kwa miguu. Njia nzuri ya kuzunguka rasi kuelekea Arvanitia hufungwa wakati mwingine kwa sababu ya mawe yanayoporomoka, nayo ikifungwa msiruke kizuizi.

Safari moja iwe Epidaurus. Hakikisheni basi linakwenda kwenye jumba la kale la maonyesho, si kwenye kijiji cha pwani chenye jina linalokaribia kufanana nalo. Jumba hilo lina safu 55 za viti vya mawe. Mumeo apande hadi ya mwisho, Mama aketi ya chini, na mmoja wenu asimame katikati aseme jambo kwa sauti ya kawaida, mjionee sauti inavyosafiri. Mtarudi Nafplio kabla ya saa za ukimya.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu amejibu:

Nimekubali kushindwa kwa sababu ya magoti, si kwa sababu nyingine. Mkifika bandarini msikae kwenye meza za kwanza mtakazoziona. Tembeeni hadi mwisho wa gati, mkitazamana na ngome ndogo ya Bourtzi iliyo katikati ya maji, ambamo zamani waliishi wanyongaji wa serikali kwa kuwa hakuna aliyewataka mjini. Wakati huo wa Septemba jua huzama kama saa moja na nusu, nyuma ya milima ya ng'ambo ya ghuba. Agizeni kahawa saa moja kasoro robo.