Naomba ushauri: kuwafundisha watu wa Mikindani, Mombasa, kuhusu mikoko

Ukingo_wa_Hori: Assalamu alaykum jamaa. Tuna watu 30, wavuvi na kina mama wa kando ya hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara. Mafunzo ya ukumbini hayajashika, na miche iliyopandwa imekufa karibu yote. Tuanzie wapi?

Kaa_Matopeni: Waalaykum salaam. Hamisheni darasa matopeni, ndugu yangu. Ngojeni bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapa Mombasa maji ya bamvu hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hivyo muwe mmeshuka saa tatu. Gawanyikeni kumi kumi.

Anzieni kwenye maji mpande juu. Mbele kuna mlilana, mizizi imechomoza kama vigingi; nyuma yake mkoko wenye mizizi ya magongo, kisha mkandaa, na mchu karibu na nchi kavu. Kila mtu achume jani la mchu alilambe. Ile chumvi ulimini ndiyo somo: mti huu unaitema kupitia majani.

Fito_na_Pau: Miche hufa kwa sababu ya mahali. Watu huchomeka mkoko kwenye tope tupu mbele ya mlilana kwa kuwa ndipo penye nafasi, kumbe hapo maji huufunika muda mrefu mno na mawimbi huung'oa. Tafuteni pale unapojiotea wenyewe. Pasipoota hata mmoja, chunguzeni kwanza: huenda mchanga umefukia mizizi, kama ilivyokuwa hori ya Mwache, hapa Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano inapoungana na tunda, na huchomoka ukiigusa. Yenye tundu la mdudu, tupa. Zika theluthi yake, ncha chini, mita moja baina ya mche na mche. Tope likiwa gumu toboa kwa kijiti kwanza; ukilazimisha, ngozi huchubuka ikaoza.

Na wakata boriti waiteni kama walimu, tafadhali, si kama washtakiwa. Wapime eneo la hatua kumi kwa kumi, wahesabu visiki na miti iliyosimama.

Ukingo_wa_Hori: Shukran sana. Na kina mama wauza samaki?

Kaa_Matopeni: Maji yakianza kuingia, wawili watande leso kati ya mizizi, kina cha magoti tu. Mimineni kwenye beseni jeupe lenye maji: wataona kamba wadogo kama uzi, macho meusi, na vitoto vya samaki. Wakishatazama, warudisheni palepale.