Dresden ilijenga daraja, ikafutwa kwenye Urithi wa Dunia. Ilikosea?

Mleta mada

Wadau, mwaka 2004 UNESCO iliandika Bonde la Elbe la Dresden, Ujerumani, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 ikalifuta. Katika miaka hiyo mitano hapakupita vita wala tetemeko la ardhi. Kilichokuja ni daraja moja la njia nne za magari, Waldschlösschenbrücke. Kabla ya hapo eneo lililowahi kufutwa ni moja tu duniani, hifadhi ya choroa ya Oman, mwaka 2007.

Mimi nasema jiji lilikosea.

Kwa asiyepajua: Dresden imekaa pande mbili za mto Elbe, na katikati ya jiji majumba hayashuki hadi kwenye maji. Kuna mbuga pana za majani zilizoachwa wazi, kwa sababu mto hufurika. Ukiwa ng'ambo, kwenye miinuko, unauona mto unavyojipinda, majani yanavyoufuata, halafu kwa mbali minara ya mji wa kale. UNESCO haikuandika kanisa fulani wala kasri fulani. Iliandika mandhari nzima, kama kilomita 18 za bonde. Kwa hiyo anayesema daraja halikubomoa urithi wowote hajaelewa ni kitu gani kilichoorodheshwa. Urithi ulikuwa ule uwazi, na daraja limepita katikati yake.

Februari 2005 wakazi walipiga kura ya maoni, na asilimia 67.9 ya waliopiga wakalitaka daraja. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni swali lenyewe: daraja, ndiyo au hapana. Hakuna aliyeulizwa kuhusu handaki la kupita chini ya mto. Hakuna aliyewekewa mezani kwamba akichagua hili anaweza kupoteza lile, hadhi ambayo jiji lilikuwa limeipata miezi michache tu nyuma. Mwaka 2006 bonde likaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Baraza la jiji likajaribu kusimamisha ujenzi, mahakama za jimbo zikasema matokeo ya kura lazima yatekelezwe, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikakataa kuingilia. Hata mwaka 2008 UNESCO ilikuwa bado inasema: jengeni handaki, mtabaki orodhani. Hawakujenga. Daraja likafunguliwa Agosti 2013.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, naomba kutofautiana nawe, na nitaanzia na madaraja ya jiji hilo hilo.

Augustusbrücke, lile la mawe ambalo kila mgeni analipiga picha pamoja na mji wa kale, si la zamani kama linavyoonekana. Lilijengwa 1907 hadi 1910. Kabla yake palikuwa na daraja la karne ya 18, zuri kweli kweli, ambalo limo kwenye picha za mchoraji Bernardo Bellotto. Wakalibomoa kwa sababu matao yake yalikuwa membamba na meli zilipita kwa shida. Leo hakuna anayelilia. Tena kuna lile la chuma wanaloliita Blaues Wunder, la mwaka 1893, lililojengwa ndani ya bonde hili hili. Chuma kitupu juu ya mto wa mashairi! Mei 1945 lilikuwa limetegwa mabomu lilipuliwe, wakazi ndio waliolinusuru. Leo ni fahari ya jiji.

Hilo la 1893 ndilo lililokuwa linabeba mzigo wa magari ya upande wa mashariki, na mojawapo ya sababu za kujenga jipya ni kulipunguzia kazi hilo la zamani. Anayependa urithi anapaswa kulipima na hilo.

Halafu handaki. Agosti 2002 Elbe ilipanda hadi mita 9.40 pale Dresden. Jiji lililotoka kunyonya maji kwenye vyumba vya chini vya makumbusho yake, unaliambia liweke barabara chini ya mto, na gharama ya kusukuma maji na hewa ibebwe na vizazi vyote vijavyo?

Mchangiaji wa pili

Wananchi walishaamua. Kamati ya UNESCO inayokutana nchi nyingine haiwezi kumwambia mkazi avuke mto wake kwa namna gani. Na jamani, mpango wa daraja ulikuwamo kwenye nyaraka za mwaka 2004! Ripoti ya tathmini ikaandika kwamba litajengwa kilomita 5 chini ya mto kutoka katikati ya jiji, wakati eneo halisi liko upande wa juu wa mto, tena karibu zaidi. Waliosoma nyaraka vibaya ndio waliokuja kuadhibu.

Mleta mada

Nimewasoma wote wawili. La ripoti ni kweli, na ni aibu kwa waliotathmini. Lakini kosa la karani halihamishi daraja. Lipo pale lilipo.

Kuhusu Augustusbrücke, angalia vizuri walichofanya mwaka 1907. Walijenga tena mahali pale pale, kwa mawe, kwa matao, kufuata mstari ule ule wa mji. Hitaji lilikuwa jipya, lakini aliyechora aliheshimu kilichokuwepo. Mimi sipingi jiji kubadilika. Dresden ni jiji ambalo karibu kila kitu katikati yake kimejengwa upya baada ya mabomu ya vita ya Februari 1945. Kanisa la Frauenkirche lilibaki lundo la mawe hadi Ujerumani ilipoungana, likajengwa 1994 hadi 2005, sehemu kubwa kwa michango ya watu, na mawe ya zamani yaliyopona yakarudishwa ukutani yakiwa bado meusi. Na ni jiji hilo hilo ambalo mwaka 1962 na 1963, chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki, lilibomoa magofu ya Sophienkirche, kanisa la karne za kati ambalo wengi waliomba lihifadhiwe. Watu wanaoijua hasara kiasi hicho walistahili kupewa swali kamili siku ya kura.

Mchangiaji wa tatu

Naongezea mifano miwili, kwa sababu mnajadili kana kwamba njia zilikuwa mbili tu.

Köln, Ujerumani hiyo hiyo. Mwaka 2004 kanisa kuu la Köln liliwekwa kwenye orodha ya hatari kwa sababu ya maghorofa marefu yaliyopangwa ng'ambo ya Rhine. Jiji likapunguza urefu wa majengo, na mwaka 2006 kanisa likaondolewa kwenye hatari. Hakuna aliyekufa kiuchumi.

St Petersburg, Urusi. Kampuni ya gesi ya Gazprom walitaka mnara wa takriban mita 400 karibu na mji wa kihistoria. Kelele zikawa nyingi, mwaka 2010 mradi ukahamishiwa Lakhta, pembeni kabisa ya jiji. Huko wakajenga mita 462, mrefu kuliko yote Ulaya. Kuhama hakukuwapunguzia chochote.

Liverpool ndiyo iliyoshika njia ya Dresden. Ikafutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa bandarini, ukiwemo uwanja wa Everton kwenye gati la Bramley-Moore. Waliotetea uwanja walisema gati lilikuwa limekufa na sehemu ile inahitaji ajira. Hoja hiyo naiona nzito kuliko ya Dresden, maana pale palikuwa pamechakaa, wakati mbuga za Elbe zilikuwa hai, watu wanatembea humo kila jioni.

Mchangiaji wa kwanza

Mnara unahamishika, mkuu. Daraja huwezi kulipeleka pembeni, linatakiwa pale watu wanapovukia. Mnakumbuka Septemba 11, 2024? Sehemu ya Carolabrücke, karibu na mji wa kale, ilianguka mtoni usiku wa manane, tramu ikiwa imepita muda mfupi kabla. Daraja la zege la mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyaya zake za chuma zimeliwa na kutu kwa ndani. Mabaki yakabomolewa mwaka 2025. Magari yote yale yamekwenda wapi? Sehemu yake yako juu ya Waldschlösschenbrücke.

Mleta mada

Yako huko, sikatai, na handaki lenye njia nne lingeyabeba vilevile. Hoja ya mafuriko ndiyo naiona ina uzito zaidi, na ningependa aliyewahi kufanya kazi ya mahandaki ya mtoni atueleze jinsi milango ya kuzuia maji inavyofanya kazi na gharama ya kuitunza.

Ila Carolabrücke inatuletea swali jingine. Jiji linatakiwa kujenga tena, safari hii mbele ya macho ya Frauenkirche. Kama kuna mtu humu anayeishi huko: wakazi wataonyeshwa michoro kadhaa kabla ya uamuzi, yenye upana tofauti wa barabara, au watapewa mmoja na kuambiwa ndiyo au hapana?