Sensa za zamani za Pemba: je, majina ya wazee wetu yanapatikana?

Mjukuu wa Mtambwe

Assalaam alaykum. Ninafuatilia nasaba ya babu yake marehemu baba yangu, aliyeishi Mtambwe, wilaya ya Wete, na kufariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Upande mmoja wa ukoo unashikilia kwamba alikuwa Mpemba wa asili, ilhali bibi yangu alikuwa akisema kwamba mzee huyo aliletwa kutoka bara akiwa mtoto na kukulia katika shamba la mikarafuu la bwana mmoja wa Kiarabu. Nimesoma kwamba watu wa Unguja na Pemba walihesabiwa mwaka 1924 na tena mwaka 1931. Jamaa yangu aliyeko Uingereza ananiambia kwamba kule fomu za sensa ya 1921 zilifunguliwa mwaka 2022, na mtu huona hata mwandiko wa mkuu wa kaya. Je, nasi tunaweza kuona watu wa kijiji waliohesabiwa, jina kwa jina?

Karani Mstaafu

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Usiweke tamaa yako kwenye sensa, kwa sababu ripoti za miaka hiyo zinatoa jumla za watu kwa wilaya, jinsia na kabila, wala hazitaji mtu. Hata huko Uingereza, fomu za mwaka 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto mwaka 1942.

Hizo jumla zenyewe zisomwe kwa uangalifu. Kati ya 1924 na 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili iliporomoka, na wengi wakaandikwa kwa majina mengine, Washirazi wakiwemo. Watu hao hawakufa wala hawakuhama; walibadilisha jibu walilompa karani, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limekwisha kunasibishwa na utumwa. Kwa hiyo mtu kuhesabiwa kuwa Mpemba hakutuambii alizaliwa wapi, na yumkini maneno ya bibi yako na ya wale wengine yote ni ya kweli.

Jina la mzee litafute mahali ambapo uhuru au mali ilibadilisha mikono. Dikrii ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia. Malipo hayo yalihitaji maandishi, na katika maandishi hayo jina la mtumwa linakaa pamoja na la bwana. Anzia Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukiwa na jina la huyo bwana, kwa sababu jina moja kama Feruzi au Mabruki walikuwa nalo wengi mno. Elewa pia kwamba si wote waliopitia mahakamani: wako walioachwa huru na mabwana zao wenyewe, na wako waliobaki shambani kwa makubaliano ya mdomo.

Bi Mkubwa wa Chake

Mwanangu, kwa Pemba mimi naona hati za mashamba ndizo zenye mengi. Mikarafuu iliwekwa rehani, ikauzwa, ikarithiwa na kutiwa wakfu, na hati ya shamba hueleza mipaka kwa kutaja wenye mashamba jirani upande wa kibla (kaskazini), matlai (mashariki), kusini na magharibi. Mzee ambaye hakumiliki chochote cha maana huenda akaonekana humo kama jirani tu, lakini jirani aliyetajwa kwa jina lake na la baba yake ni hazina. Uliza pia kuhusu mirathi iliyopita kwa kadhi.

Hati za zamani nyingi ni za Kiarabu na tarehe zake ni za Hijria: mwaka 1315 ulianza Juni 1897. Wazee wakikutajia kimbunga kikubwa, ni cha Aprili 1872, sawa na 1289, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa, na baada yake kilimo cha karafuu kikashamiri huku kwetu.

Jambo moja nakusihi: usimuulize mzee habari za utumwa mbele ya watu, kwenye arusi wala matangani. Mwendee kwake, mkae, umuulize kwanza shamba lilikuwa la nani na nani walizikwa karibu na nani. Mengine atayasema akiridhika.

Mjukuu wa Mtambwe

Shukrani, bwana, na shikamoo, bibi. Shangazi ana karatasi ya rehani yenye maandishi ya Kiarabu ambayo hatujawahi kuisomesha. Nitampelekea maalim aisome mipaka yote minne, kisha niende Kilimani na jina la mwenye shamba.